Kusikiliza Shakuhachi: Mwongozo kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Mara ya kwanza nilipoketi mbele ya mpiga shakuhachi, filimbi ya Kijapani, katika ukumbi mdogo wa hekalu mjini Kyoto, nilisikia upepo kabla ya kusikia sauti. Mzee aliinua filimbi yake ya mwanzi, akaiegemeza chini ya mdomo, na kwa sekunde mbili hivi ukumbi ukajaa mvumo wa hewa tu, kama mtu anayepuliza makaa. Ndani ya mvumo ule ikazaliwa noti moja. Ikanenepa, ikayumba kidogo, ikakonda mpaka sikujua ilikoma saa ngapi. Kimya. Akavuta pumzi, na sote tuliisikia ikiingia. Kisha noti nyingine.

Mgeni aliyekaa karibu nami alivumilia dakika 20 hivi, akanyanyuka, akatoka kwa kunyata. Simlaumu. Alikuja na masikio yanayosubiri mahadhi na kibwagizo, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa havipo. Mwongozo huu nimemwandikia mtu kama yule, ili akipata nafasi ya kuhudhuria onyesho la namna hii, Japani kwenyewe au kokote wapigaji wanakosafiri, akae mpaka mwisho na apate kile alichokifuata.

Hatua ya 1: Hakikisha ni onyesho la aina gani

Shakuhachi hupigwa katika shughuli nyingi. Hupigwa pamoja na ala za nyuzi za koto na shamisen, kundi la ala tatu ambalo Wajapani huliita sankyoku. Hupigwa kwenye jazi. Mwaka 1967 mtunzi Takemitsu Toru aliipeleka New York ikapigwa pamoja na biwa, ala nyingine ya nyuzi, mbele ya okestra nzima, mpigaji akiwa Yokoyama Katsuya. Yote hayo yana uzuri wake, lakini ukitaka onyesho la tafakuri, neno la kutafuta ni honkyoku. Hivyo ni vipande vya kale vya mwanzi mmoja peke yake, vilivyorithiwa kutoka kwa watawa wa Kibudha waliovipuliza kama ibada. Kwenye tangazo la Kijapani neno hilo huandikwa kwa herufi mbili: 本曲. Zipige picha uwe nazo kwenye simu.

Kama tangazo limetaja vipande, tazama majina. Ukiona Kyorei, Mukaiji, Koku, Tamuke, Sanya, Ajikan, Shika no Tone au Tsuru no Sugomori, umefika penyewe. Ukiona orodha ya nyimbo za filamu na nyimbo za pop, ni burudani nyingine. Nenda ukipenda, ila mwongozo huu hautakusaidia sana huko.

Hatua ya 2: Ijue ala, kwa msaada wa chupa ya soda

Jina lenyewe ni kipimo. Shaku ni kipimo cha kale cha urefu, karibu sentimita 30.3, na hachi ni nane. Filimbi ya kawaida ina shaku moja na sehemu nane za kumi za shaku, yaani karibu sentimita 54.5. Hukatwa sehemu ya chini kabisa ya mwanzi, pale shina linapokutana na mizizi, ndiyo maana mwisho wake umepinda kidogo na una makovu ya vijizi. Nyingi huwa na vifundo saba. Matundu ni matano tu: manne mbele, moja nyuma kwa ajili ya kidole gumba.

Matundu matano yanatoa noti tano za msingi. Basi noti nyingine zote zinatoka wapi? Hapa chukua chupa tupu ya soda. Iweke mdomo wake chini ya mdomo wako wa chini, puliza kuvuka kingo mpaka ilie. Ikishalia, inamisha kidevu taratibu kuelekea chupa. Sauti itashuka na kuwa nzito, yenye giza. Inua kidevu: itapanda na kung'aa. Umefanya kwa dakika moja kile ambacho mpiga shakuhachi hukisomea maisha yake yote. Kushusha huitwa meri, kupandisha huitwa kari. Juu ya filimbi hakuna kitu cha kuongoza pumzi. Kuna ukingo uliokatwa mshazari kwenda nje, mara nyingi ukitiwa kipande cha pembe ya nyati ili usilike, na midomo ya mtu. Sehemu nyingine zote za noti, kila mteremko na kila mtetemo, zinatengenezwa na shingo, midomo na tundu lililozibwa nusu.

Fanya jaribio hili kweli, usilisome tu. Aliyewahi kuhangaika na chupa husikia onyesho kwa masikio mengine, kwa sababu anajua kwamba kila sauti inayotoka ilikuwa karibu isitoke.

Wapenzi wa taarabu ya Unguja wana mahali pa kuanzia: nai. Nayo ni bomba lililo wazi juu, hupulizwa kwenye ukingo, na nayo huacha pumzi isikike ndani ya sauti. Tofauti ni kwamba kwenye taarabu nai hujibizana na fidla na kumpisha mwimbaji. Kwenye honkyoku hakuna wa kujibizana naye isipokuwa kimya.

Jambo moja zaidi kuhusu ala, kwa sababu huenda ukalisikia likitajwa ukumbini. Filimbi nyingi za leo zimepakwa ndani udongo maalumu na vanishi ya laki ili bomba liwe laini na noti zilingane, huitwa jinuri. Nyingine huachwa na mwanzi wake wa asili ndani, huitwa jinashi. Hizi huwa na sauti ya upole na hewa nyingi, na wapigaji wengi wa honkyoku huzipenda, hasa zile ndefu zenye sauti nzito. Ukimwona mpigaji amepanga filimbi tatu za urefu tofauti mbele yake, hiyo ndiyo sababu: kila kipande na mwanzi wake.

Hatua ya 3: Wajue waliokuwa wakiipuliza

Katika zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, palikuwa na watawa walioitwa komuso, watu wa madhehebu ya Fuke ndani ya Zen, tawi la Ubudha linalokazia tafakuri. Wengi walikuwa samurai waliopoteza mabwana zao. Walitembea vijijini na mijini wakiomba sadaka, vichwa vyao vimefunikwa na kikapu kikubwa cha matete kilichoshuka mpaka mabegani, tengai, ili uso usionekane na nafsi isijionyeshe. Walichokuwa wakikifanya walikiita suizen, Zen ya kupuliza. Watawa wengine wa Zen walikaa kimya wakifuata pumzi zao. Hawa walizifuata kupitia mwanzi. Filimbi ilihesabiwa kuwa chombo cha dini, na honkyoku hazikupigwa ili watu wapite na kusifu.

Karne ya 18 mmoja wao, Kurosawa Kinko (1710–1771), alikusanya vipande kutoka mahekalu mbalimbali akavipanga vikawa 36, na mkondo wa upigaji unaobeba jina lake bado uko hai. Kisha mwaka 1871 serikali ya Meiji ikayafuta madhehebu ya Fuke. Kwa mkupuo mmoja komuso wakapoteza mahekalu, vibali vya kusafiri na haki ya kuipuliza filimbi wao peke yao. Shakuhachi ingeweza kufa pale. Iliokolewa na walimu walioiomba serikali iruhusu ipigwe kama ala ya muziki tu, na mwaka 1896 Nakao Tozan akaanzisha Osaka mkondo mpya wa Tozan uliofungua mlango kwa tungo za kisasa. Mjini Kyoto, hekalu dogo la Myoanji lililo ndani ya eneo la Tofukuji lilibaki kuwa kitovu cha wanaoipuliza kwa njia ya zamani. Kutoka stesheni kuu ya Kyoto ni kituo kimoja tu kwa treni ya JR ya njia ya Nara.

Historia hii ina kazi wakati wa kusikiliza. Ukijua kwamba kipande kilitungwa kwa ajili ya anayepuliza, unaacha kungoja mpigaji akufurahishe. Unakuwa kama mtu aliyeruhusiwa kukaa chumbani wakati mwingine anafanya ibada yake. Aliyewahi kukaa kando ya halaka ya zikri ya twarika ya Qadiriyya pale pwani anajua jinsi pumzi inavyoweza kubeba ibada, japo imani ni tofauti kabisa na sidai kuwa ni kitu kimoja.

Na kwa kuwa swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja: hapana, si lazima uwe Mbudha, wala hakuna atakayekulazimisha kuinamia sanamu. Kama onyesho liko hekaluni, keti kwa adabu kama ambavyo ungetaka mgeni aketi msikitini au kanisani kwako. Kuinamisha kichwa mpigaji anapoingia na kutoka ni salamu ya Kijapani tu.

Hatua ya 4: Anza wiki moja kabla, nyumbani

Sikio halibadiliki ndani ya ukumbi, linabadilishwa kabla. Siku saba kabla ya onyesho, chagua rekodi moja ya honkyoku na uisikilize mara moja kwa siku, kipande kilekile. Mimi humpendekezea mtu Yamaguchi Goro (1933–1999) akipiga Tsuru no Sugomori, kiota cha korongo. Mwaka 1977 Marekani iliporusha vyombo viwili vya Voyager kwenda anga za mbali, kila kimoja kilibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye sauti za dunia, na kipande hiki kilikuwamo. Ni kama dakika tano tu.

Siku ya kwanza sikiliza tu. Siku ya pili tumia spika au visikizi vizuri, si spika ya simu, kwa sababu simu inameza mvumo wa hewa na kukuachia mifupa ya noti. Siku ya tatu na ya nne, hesabu pumzi: kila mpigaji anapovuta hewa, kunja kidole. Kuanzia siku ya tano acha kuhesabu. Utashangaa kuona kwamba kipande ambacho Jumatatu hakikuwa na kichwa wala miguu, Jumapili kina mahali unapopasubiri.

Usisikilize ukiendesha gari au ukipika. Muziki huu ukiwekwa nyuma ya shughuli nyingine hugeuka kelele ya spa, na ndiko ulikochafuliwa jina.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kula chakula chepesi muda wa saa mbili kabla ya onyesho. Tumbo tupu linalia, na katika ukumbi wa kimya tumbo lako litasikika mpaka safu ya nne. Shibe nayo inaleta usingizi.

Vaa nguo isiyochakarika. Jaketi la nailoni linapiga kelele kila ukipumua. Bangili zinazogongana ziache nyumbani. Marashi na udi vipunguze siku hiyo, najua si rahisi kwa mtu wa pwani, ila ukumbi huwa mdogo na watu watakuwa wakivuta pumzi ndefu kwa saa nzima karibu nawe. Kama ni hekaluni au kwenye chumba cha mikeka ya tatami utavua viatu mlangoni, kwa hiyo soksi ziwe safi na nzima. Wakati wa baridi vaa soksi nene. Sakafu za mahekalu ni za mbao na baridi yake hupanda mpaka magotini.

Simu izime kabisa. Mtetemo juu ya sakafu ya mbao unasikika kama nyuki ndani ya debe. Ukiwa na kikohozi, chukua pipi na uifungue karatasi yake kabla onyesho halijaanza.

Fika nusu saa mapema. Tatizo si foleni. Ni moyo wako, ambao ukitoka mbio kituo cha treni unahitaji muda kutulia.

Hatua ya 6: Chagua mahali pa kukaa

Kaa karibu. Kwenye okestra watu hukimbilia katikati ya ukumbi ili sauti zichanganyike, lakini hapa hakuna cha kuchanganya. Mita tano mpaka nane kutoka kwa mpigaji ndipo unaposikia mambo mawili kwa pamoja: noti, na hewa inayoizunguka. Ukikaa nyuma sana hewa inapotea njiani. Epuka kiti kilicho chini ya kiyoyozi au kando ya mlango. Kama unaweza, keti pembeni kidogo badala ya mbele kabisa, uone kidevu na shingo vikifanya kazi. Wajapani wana msemo kuhusu ala hii: kubifuri sannen, miaka mitatu ya kujifunza kutikisa shingo. Ukiwa pembeni unaona miaka hiyo.

Kwenye tatami huenda ukakuta watu wameketi seiza, magoti yamekunjwa na makalio juu ya visigino. Anayeswali atautambua mkao huu mara moja, unafanana na kikao cha tahiyatu, ila hapa hudumu muda mrefu zaidi. Usishindane na wenyeji. Baada ya dakika 15 miguu ikifa ganzi, hutasikia tena filimbi, utasikia miguu. Kaa miguu imekunjwa mbele kama kwenye jamvi, au uliza mapema kama kuna kiti kidogo. Kwa kawaida vipo kwa ajili ya wazee na wenye magoti mabovu. Epuka tu kunyoosha nyayo kuelekea mpigaji au madhabahu.

Mgongo uwe wima bila kukakamaa. Mikono mapajani. Macho unaweza kuyafumba au kuyaacha nusu wazi. Mimi huyaacha wazi kwenye kipande cha kwanza, nikishaujua mwendo wa mpigaji nayafumba.

Hatua ya 7: Sikiliza pumzi moja kwa wakati mmoja

Hii ndiyo hatua yenye uzito wote, na nitakaa hapa.

Katika honkyoku nyingi hakuna mapigo ya kuhesabu. Ukijaribu kugonga kidole utapotea. Kipimo ni pumzi: mpigaji anavuta hewa, anatoa sentensi moja ya noti chache, pengine noti moja tu, kisha anaiacha ife. Sentensi hiyo mara nyingi huchukua sekunde 10 hadi 20. Wapigaji huilinganisha na jani la mwanzi: inaanza nyembamba, inapanuka katikati, inakwisha kwa ncha. Basi kazi yako ya kwanza ni moja. Fuata jani mpaka kwenye ncha yake. Watu wengi husikiliza mwanzo wa noti na kuiacha katikati, kwa sababu muziki tuliouzoea huweka mambo mapya mwanzoni. Hapa jambo kubwa hutokea mwishoni, pale sauti inapokuwa ndogo kiasi kwamba huna hakika kama unaisikia au unaikumbuka.

Kisha kuna kimya. Wajapani hukiita ma, nafasi iliyo kati. Hapo usipumzike. Kimya hicho kimo ndani ya kipande, nacho kina urefu wake ambao mpigaji ameuchagua kwa ajili ya ukumbi huu, usiku huu. Sikiliza namna ambavyo kimya kinachofuata noti nzito si sawa na kile kinachofuata noti nyepesi. Utasikia taa zikivuma, mtu akimeza mate, gari la mbali. Yaache yaingie. Zama za komuso filimbi hii ilipigwa njiani na milangoni mwa nyumba, nayo haijawahi kuogopa sauti za dunia.

Ukizoea hapo, anza kutambua mambo machache. Noti inaposhuka na kuwa kama imefunikwa na nguo, hiyo ni meri. Tazama kidevu kimeinama. Sauti inapotetemeka polepole, kichwa kinatikiswa, huko ni yuri. Wakati mwingine mpigaji atapasua hewa kwa nguvu mpaka noti yenyewe imezwe na upepo, kama dhoruba imefungua dirisha: muraiki. Usishtuke ukadhani amekosea. Na noti nzito kuliko zote, matundu yote yamezibwa, huitwa ro. Wanafunzi wa shakuhachi huambiwa waipulize ro peke yake kila siku kabla ya kitu kingine chochote. Onyesho zima linarudi kwenye noti hiyo kama mtu anayerudi nyumbani, na ukishaijua utaanza kuingoja.

Unaweza kujaribu kutoa pumzi yako pamoja na mpigaji. Ya kwako itakwisha mapema. Usiilazimishe, vuta tena na uendelee. Nimeona kwamba baada ya kipande cha pili mwili unajishusha wenyewe, mabega yanalegea, na ukumbi mzima unapumua polepole kuliko ulipoingia.

Akili itaondoka. Itakwenda kwenye kodi ya nyumba, kwenye ujumbe ambao hujaujibu, kwenye maneno uliyoambiwa mwaka jana. Hilo limempata kila mtu aliyewahi kuketi pale, nadhani pamoja na mpigaji mwenyewe. Usijigombeze. Pumzi inayofuata itasikika ikivutwa baada ya sekunde chache tu, panda hapo. Huo ndio uungwana wa muziki huu: kila pumzi ni mlango mpya, na aliyechelewa mlango mmoja hajachelewa safari.

Hadithi za vipande vichache

Kujua kipande kinasimulia nini kunasaidia, mradi usikae ukitafuta picha kwenye kila noti.

Kyorei, Mukaiji na Koku huhesabiwa kuwa ndivyo vya kale na vitukufu kuliko vyote. Hekaya ya Kyorei, kengele tupu, inasema kwamba nchini China katika zama za Tang palikuwa na mtawa wa ajabu, Fuke, aliyetembea akipiga kengele, na mtu mmoja aliyempenda akaiga mlio wa kengele ile kwa mwanzi. Mukaiji na Koku zina hekaya ninayoipenda zaidi. Mtawa aitwaye Kyochiku alilala kwenye mlima wa Asama huko Ise akiomba dua. Akaota yuko ndani ya mashua baharini, ukungu ukafunika kila kitu, na kutoka ndani ya ukungu akasikia filimbi. Alipoamka alipuliza alichokisikia: Mukaiji ni filimbi ya bahari ya ukungu, Koku ni anga tupu. Wanahistoria hawazihesabu hadithi hizi kuwa historia. Lakini mtu aliyewahi kuwa chomboni alfajiri, pwani haionekani, upepo umekata, atasikia katika Mukaiji kitu ambacho hakihitaji kutafsiriwa.

Shika no Tone, sauti ya mbali ya paa, kwa kawaida hupigwa na watu wawili. Mmoja anaita, mwingine anajibu kutoka mbali, kama paa dume milimani wakati wa vuli. Waandaaji wenye busara humweka mpigaji wa pili nyuma ya hadhira au nje ya mlango. Ukisikia filimbi nyuma yako, usigeuke.

Tsuru no Sugomori ni ya korongo wanaojenga kiota, wanaolea vifaranga, na wanaoachana nao. Ndani yake kuna mtetemo wa mabawa, ambao mpigaji huutoa kwa kurindimisha ulimi au koo. Tamuke ni sadaka kwa waliokufa. Kama umefiwa karibuni, jua mapema kama iko kwenye orodha, na chukua leso.

Hatua ya 8: Makofi, na yale ya katikati

Noti ya mwisho ikiisha, kipande bado hakijaisha. Ngoja filimbi ishuke kutoka mdomoni, mikono ifike mapajani, mpigaji ainamishe kichwa. Hapo ndipo makofi, kama yanaruhusiwa. Kwenye maonyesho mengine huombwa watu wasipige makofi mpaka mwisho kabisa. Mwangalie mwenyeji aliyekaa mbele yako na umfuate. Anayewahi kupiga makofi huwanyang'anya wengine ile ncha ya jani waliyoifuata dakika nane.

Kati ya vipande mpigaji atapitisha kitambaa chenye uzi ndani ya filimbi. Anafuta maji, kwa sababu pumzi yenye joto inageuka kuwa matone kwenye mwanzi wa baridi. Wengi hulichukua tendo hilo kama ruhusa ya kuzungumza. Kaa kimya.

Baada ya onyesho unaweza kumsogelea mpigaji umshukuru. Wengi ni wakarimu. Usiiguse filimbi bila kupewa. Nzuri hufika mamia ya maelfu ya yeni, na mwanzi hupasuka kwa mabadiliko ya joto na ukavu wa hewa, ndiyo maana wenyewe huzitunza ndani ya mifuko kama vichanga. Swali zuri la kumuuliza ni moja: kipande hiki umekipokea kwa nani? Honkyoku hurithishwa mwalimu kwa mwanafunzi, na utaona uso wake ukifunguka.

Hatua ya 9: Kwa atakayetaka kupuliza mwenyewe

Usinunue mwanzi kwanza. Wengi duniani wameanza na bomba la plastiki la maji, lenye uwazi wa ndani wa milimita 20 hivi, likikatwa sentimita 54.5, na ukingo mmoja ukachongwa mshazari kwenda nje kwa jisu kali na msasa. Usitoboe matundu bado. Simama mbele ya kioo, ziba nusu ya uwazi kwa kidevu chako, midomo iache mwanya mdogo kama wa punje ya mchele, na puliza kuelekea ukingo kwa upole kuliko unavyodhani inahitajika. Ukihisi kizunguzungu, keti, ngoja kipite.

Huenda isilie leo. Huenda isilie wiki hii. Siku itakapolia itakuwa ro, ya wasiwasi, imejaa hewa, na itakatika baada ya sekunde tatu. Baki nayo hiyohiyo dakika 10 kila asubuhi kwa mwezi mmoja. Ndipo uchukue kipimo cha matundu kwa mwalimu.